Cookeina: vikombe vya rangi juu ya kijiti kilichooza

Baada ya mvua ya siku mbili tatu, kwenye njia za msituni za Tshopo, Ituri ao Maniema, kuko kitu kidogo ambacho mara nyingi watoto njo wanakiona wa kwanza. Ni kijiti kilichoanguka zamani, kimeoza nusu, na juu yake vimesimama vikombe vidogo vya rangi ya waridi, ya chungwa ao nyekundu. Kila kikombe kina mguu wake mwembamba. Ndani mwake kumebaki tone la mvua. Wengine wanafikiri ni maua. Mama mmoja anayetoka kutafuta kuni atavipangusa na kukifunga kijiti pamoja na kuni zingine. Mama mwingine atavichuma kimoja kimoja, kuvifunga katika jani na kwenda kuvipika pamoja na uyoga mwingine wa jioni.

Yupi kati yao anafanya vizuri? Swali hilo linaulizwa kila msimu wa mvua, sana-sana na watu waliohamia karibu na msitu kutoka mahali pengine: wakimbizi wa ndani, wachimbaji, wakulima wapya, watu ambao hawakukulia na uyoga wa fasi ile. Kulijibu kunaanza na jina, juu vitu vingi tofauti vinafanana na kikombe, na havina tabia moja.

Wataalamu wa uyoga wanaviita Cookeina. Hilo ni jina la jenasi, yaani ukoo mmoja wenye spishi kadhaa ndani yake, sawa vile ndizi za aina nyingi zinabaki zote ndizi. Spishi za Cookeina zinazojulikana duniani hazipiti ishirini, na zote ni za nchi za joto ao za karibu nazo. Mbili kati yao zinaonekana karibu katika misitu yote ya joto, kuanzia Amerika ya Kusini, kupita Afrika ya Kati, mpaka Asia. Hizo mbili njo mtu wa mashariki ya Kongo anaweza kukutana nazo bila kutafuta sana.

Si maua, na si ndugu ya uyoga wa mwavuli

Zamani vitabu viliweka uyoga pamoja na mimea. Mwaka 1969 Robert Whittaker, Mmarekani, alipendekeza mpango ambamo kuvu wana ufalme wao wenyewe, kando ya mimea na wanyama, na mpango huo ulishika. Uyoga hauna rangi ya kijani ya kutengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Unakula kitu kilichokufa, ao kilicho hai, kwa kukimeng'enya kutoka nje. Kile tunachokichuma ni sehemu ya kuzalia tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizosambaa ndani ya kijiti, na zinaweza kukaa humo muda mrefu kabla ya kikombe cha kwanza kutokea.

Uyoga mwingi unaouzwa sokoni, ule wanaouita bowa kule Katanga na mayebo katika Lingala, ni wa umbo la mwavuli. Chini ya mwavuli kuko vibamba, na juu ya vibamba kuko vijiti vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyobeba spora kwa nje. Spora ni vumbi la kuzalia, linalofanya kazi kama mbegu. Cookeina iko upande mwingine kabisa wa ufalme huu. Spora zake haziko nje. Zimefungwa ndani ya vifuko virefu, nane nane katika kila kifuko, na vifuko hivyo vimesimama vimebanana kwenye uso wa ndani wa kikombe sawa risasi ndani ya sanduku. Kundi lote la kuvu wenye vifuko linaitwa Ascomycota. Hamira ya mkate iko humo, na kuvu wengi wanaoharibu mazao wako humo vilevile.

Hapa kuko mtego mmoja. Uyoga laini wa kahawia unaoota juu ya magogo, wenye umbo la sikio, ambao watu wengi wanaula, unaweza kufanana na kikombe ukiuangalia kwa mbali. Huo ni Auricularia, na pamoja na umbo lake la kikombe ni wa upande wa mwavuli, juu spora zake zinabebwa kwa nje. Ukiubana kwa vidole unavutika sawa mpira na una utelezi kidogo, na hauna mguu wa kweli. Cookeina ina nyama nyembamba, mguu unaoonekana, rangi kali, na nywele.

Kikombe kinachotoa moshi

Kwa nini kikombe? Umbo hilo linasaidia kutupa spora. Kila kifuko kinajaa maji mpaka kinakuwa na shindikizo kubwa. Juu yake kuko kifuniko kidogo. Shindikizo likizidi, kifuniko kinafunguka na spora nane zinaruka pamoja. Katika Cookeina vifuko vya kikombe kimoja vinakomaa kwa wakati mmoja, na hiyo ni moja ya alama za jenasi hii. Njo maana mtu akichuma kikombe kilichokomaa, ao akikipulizia pumzi, wakati mwingine anaona wingu jembamba linapanda sawa moshi wa sigara. Watu waliowahi kuona hivyo wanaweza kuogopa na kusema kitu kile kina sumu ao kina uchawi. Ni spora tu. Moja haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya milimita, lakini maelfu yakiruka pamoja jicho linayaona.

Kifuniko hicho ni kidogo kuliko chochote tunachoweza kuona bila mikroskopi, na bado njo kinachoongoza uainishaji. Kuvu wenye vikombe ambao vifuko vyao vinafunguka kwa kifuniko wamewekwa katika oda inayoitwa Pezizales. Wengine, ambao vifuko vyao vinafunguka kwa tundu ao kwa kupasuka, wako katika oda zingine, hata kama kikombe chao ni kizuri namna gani. Ndani ya Pezizales, Cookeina iko katika familia ya Sarcoscyphaceae, ambamo kifuniko ni kinene na mara nyingi kimekaa upande. Familia hiyo inajulikana kwa rangi zake: nyekundu, waridi, chungwa, manjano. Rangi zinatoka kwa karotenoidi, vitu vya jamii moja na vile vinavyofanya karoti na mafuta ya mawese kuwa na rangi yake.

Jina lilivyozunguka

Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, karibu kila kuvu yenye umbo la kikombe ilitupwa katika jenasi moja, Peziza. Kilikuwa kikapu kikubwa ambamo kila mtu alitia alichokiokota. Mwaka 1822 Elias Fries wa Sweden, ambaye kazi zake ni msingi wa majina ya uyoga mpaka leo, aliita moja Peziza speciosa, maana yake nzuri ya kuvutia. Mwaka 1834 Camille Montagne, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyependa kuvu, aliita nyingine Peziza tricholoma, kwa sababu ya nywele zake. Mwaka 1842 padri wa Kianglikana Miles Berkeley, wa Uingereza, akaleta Peziza sulcipes, yaani yenye mguu wa mifereji. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba ya kwanza na ya tatu zitakuja kuhesabiwa kuwa kitu kimoja.

Kufika mwisho wa karne kikapu kilikuwa kimejaa sana, na wataalamu wakaanza kukigawa. Mmoja wao alikuwa Mordecai Cubitt Cooke, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1825 na kufa mwaka 1914. Alianzisha jarida la Grevillea mwaka 1872, akafanya kazi katika bustani ya Kew, London, na kati ya mwaka 1875 na 1879 akatoa kitabu cha picha za kuvu wa vikombe, Mycographia. Vikombe vyenye nywele vilipewa kundi lao, na mwaka 1889 Mwitaliano Pier Andrea Saccardo akaliinua kuwa jenasi yenye jina Trichoscypha, yaani kikombe chenye nywele.

Jina lilikuwa zuri, ila lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Trichoscypha ilikuwa jenasi ya miti tangu mwaka 1862, miti ya familia ya muembe, na miti hiyo inaota katika misitu yetu hii hii ya Afrika ya Kati. Matunda ya baadhi yake yanaliwa. Kwa kuwa kuvu na mimea wakati ule, na hata leo, wanafuata sheria moja ya majina, mti na uyoga hawakuweza kubeba jina moja. Aliyekuja kwanza anabaki nalo. Mwaka 1891 Mjerumani Otto Kuntze akauvua uyoga jina hilo na kuuvalisha lingine, Cookeina, kwa heshima ya Cooke. Kuntze hakupendwa na wenzake: katika kitabu chake cha mwaka ule alibadilisha majina ya maelfu ya mimea, na watu wengi wakakataa kumfuata. Lakini kwa vikombe hivi alikuwa na haki, na jina likabaki.

Historia haikuishia pale. Mwaka 1933 Karel Boedijn, Mholanzi aliyefanya kazi katika nchi inayoitwa leo Indonesia, alichunguza Cookeina za kule. Kati yake kulikuwa moja ya ajabu, nyeupe ya maziwa, ndefu sawa glasi, yenye meno madogo ya pembe tatu kwenye mdomo wake. Mwaka 1937 Wajapani Seiya Ito na Sanshi Imai waliona kwamba hiyo haifanani na zingine, wakaipa jenasi yake peke yake, Boedijnopeziza. Kwa miaka mingi vitabu havikukubaliana: vingine viliiacha nje, vingine vikairudisha ndani.

ADN inasema nini

Jibu lilitafutwa kwa ADN. Mwaka 2002, katika jarida la Mycologia, Richard Weinstein, Donald Pfister na Teresa Iturriaga walichapisha utafiti ambamo walilinganisha vipande vya ADN ya Cookeina mbalimbali. Mwaka 2006 Iturriaga, kutoka Venezuela, na Pfister, wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakatoa kazi kubwa juu ya jenasi nzima. Ile glasi nyeupe ya Asia ikarudi nyumbani na leo inaitwa Cookeina insititia. Meno yake ya mdomoni ni nywele tu zilizoshikana. Nywele zenyewe njo alama ya ukoo, ila kila spishi inazivaa kwa namna yake.

Jambo lingine lililotoka katika kazi hizo linagusa msitu wa Kongo moja kwa moja. Ndani ya Cookeina speciosa, ile ambayo vitabu vingi vya zamani vinaiita sulcipes, rangi zinatofautiana sana: kuko nyekundu, kuko waridi, kuko ya chungwa, kuko ya manjano, kuko hata iliyopauka karibu kuwa nyeupe. Je, ni spishi moja yenye nguo nyingi, ao ni spishi kadhaa zilizofichwa chini ya jina moja? Uchunguzi wa ADN ulionyesha kwamba ndani yake kuko matawi zaidi ya moja, na kwamba rangi ya kikombe kingali kibichi ni ushahidi wa kuangaliwa, si pambo.

Tatizo ni kwamba rangi hiyo haidumu. Kikombe kikikaushwa, karotenoidi zinaharibika, na ndani ya bahasha ya makumbusho kinabaki kitu cha kahawia ao cha rangi ya mchanga. Mtaalamu wa Ulaya aliyefungua bahasha kutoka Afrika hakuweza kujua kama kilikuwa chekundu ao cha manjano, isipokuwa kama aliyekichuma aliandika ao alichora.

Kwa bahati, Kongo ilikuwa na mtu aliyechora. Mama Goossens-Fontana, Mbelgiji aliyeishi Kongo wakati wa ukoloni, alikusanya uyoga mwingi, sana-sana huko Binga, upande wa Équateur, na kuupaka rangi ungali mbichi. Sampuli na picha zake zilikwenda Ubelgiji. Mtaalamu Maurice Beeli alizitumia, na tangu mwaka 1935 bustani ya mimea ya taifa, ambayo leo iko Meise karibu na Brussels, ilianza kutoa mfululizo wa vitabu vya picha za uyoga wa Kongo. Vikombe alivyokusanya vilichunguzwa na Marcelle Le Gal, Mfaransa, ambaye alichapisha kazi yake juu ya kuvu wa vikombe wa Kongo mwaka 1959. Kazi hiyo bado inasomwa na kila anayetaka kuvipa majina vikombe vya huku.

Inaumiza kidogo kusema: sampuli na picha hizo za uyoga wa Kongo ziko mbali sana na Binga, na majina yaliyoandikwa chini yake ni ya Kilatini. Majina waliyotumia watu waliomwonyesha mama yule njia za msitu hayakufika kwa wasomaji kwa wingi huo.

Kuzitofautisha mbili zetu

Hakuna haja ya mikroskopi. Kinachohitajika ni mwanga mzuri na jicho la kuangalia upande wa nje wa kikombe, siyo ndani.

Cookeina tricholoma ina ndevu. Upande wa nje wote, kuanzia mdomo mpaka mguu, umefunikwa na nywele ndefu za kupauka zilizosimama, zinazofika milimita mbili tatu, zikiwa zimeshikana kwa mafungu madogo. Kikombe kibichi kikishikwa kuelekea jua, nywele zinang'aa sawa manyoya ya kifaranga. Rangi ya ndani ni waridi, ao nyekundu ya kupauka, ao ya chungwa. Jina lake lisichanganywe na Tricholoma, ambayo ni jenasi ya uyoga wa mwavuli na haina undugu wowote nayo. Neno ni lile lile la Kigiriki linalosema juu ya nywele.

Cookeina speciosa iko karibu uchi. Nywele zake ni fupi sana na zinakaa kwenye mdomo na chini yake kidogo, zimejipanga kwa mizunguko sawa mistari ya kikapu. Kikombe chake mara nyingi kina sentimita moja mpaka tatu na zaidi kidogo kwa upana, na mguu wake unaweza kuwa mrefu kuliko kikombe chenyewe.

Zote mbili zinaota juu ya mbao zilizokufa za miti yenye majani mapana: vijiti, matawi, wakati mwingine gogo. Haziotei ardhini. Kama mtu ameona kikombe kimetoka katika udongo mtupu ao katika samadi, hicho ni kitu kingine. Kuko pia Phillipsia, ndugu wa familia moja, ambaye anakaa juu ya mbao vilevile na ana rangi ya zambarau ao nyekundu ya divai. Lakini Phillipsia ni mnene, bapa sawa sahani, hana mguu mrefu wala nywele.

Unaliwa ao hauliwi?

Sasa turudi kwa wale mama wawili. Katika sehemu kadhaa za Afrika ya Kati watu wanakula Cookeina, zote mbili, na hata Asia ya kusini-mashariki iko jamii za msitu zinazoila. Mama aliyevichuma na kuvifunga katika jani hakufanya jambo la ajabu. Nyama yake ni nyembamba, kwa hiyo vinahitajika vikombe vingi kwa sahani moja, na ni chakula cha kuongezea kuliko cha kushibisha. Hakionekani sana sokoni kwa sababu hiyo hiyo: nani atabeba kutwa nzima vikombe visivyo na uzito mpaka Kisangani ao Bunia, na vinakauka njiani?

Lakini undugu peke yake haumpi mtu ruhusa ya kula, na hapa mtu asikosee. Katika oda hiyo hiyo ya Pezizales kuko morel na trufu, ambazo ni kati ya uyoga wa bei kubwa duniani. Ndani ya oda hiyo hiyo kuko Gyromitra ya nchi za baridi, ambayo imeua watu waliokula ikiwa mbichi ao iliyopikwa vibaya, na hata mvuke wa kuipika unaweza kudhuru. Vikombe vingine vya kahawia vinavyoota ardhini vinaumiza tumbo vikiliwa bibichi. Kwa hiyo kusema "ni kikombe, vikombe tunakula" ni hatari. Uainishaji unaonyesha nani ni ndugu ya nani. Haupimi sumu.

Kinachopima, mpaka leo, ni ujuzi wa watu waliokula kitu fulani, fasi fulani, kwa vizazi. Katika jimbo la Tshopo watafiti waliwauliza wakaaji wa karibu na hifadhi za Yoko na Yangambi namna wanavyotumia uyoga wa msituni, na kazi yao ilitoka mwaka 2018. Ilionyesha kwamba ujuzi huo ni mkubwa, kwamba uyoga ni chakula na ni dawa pia, na kwamba watu wa kabila moja na wengine hawajui vitu vilevile. Njo hatari ya mtu aliyehamia: anakuja na ujuzi wa msitu mwingine, anaona kitu kinachofanana na kile cha kwao, anakipeleka nyumbani.

Masharti ambayo wachumaji wenye uzoefu wanafuata ni machache. Usile uyoga ambao hakuna mkubwa wa fasi ile anayeujua kwa jina. Usile mbichi. Ukiujaribu mara ya kwanza, kula kidogo na usiwape watoto siku ile. Acha kando kipande kimoja kisichopikwa, ili mtu akiumwa, muganga wa kituo cha afya aone kilicholiwa. Kutapika kunakokuja saa nyingi baada ya kula kunaogopesha kuliko kunakokuja haraka, juu sumu zinazoharibu ini zinakawia kujionyesha. Mtu huyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema amepata nafuu.

Nyumba yake ni kile tunachochoma

Cookeina haikimbii watu. Inaota pembeni ya njia, kwenye mashamba yaliyoachwa, juu ya matawi yaliyobaki baada ya kukata miti, mradi kuko kivuli na unyevu. Kwa hiyo si uyoga wa kutafutwa katika msitu wa ndani sana. Inataka vitu viwili tu: mti uliokufa na hewa yenye maji. Lakini hivyo viwili njo vinavyopungua kwanza kuzunguka miji. Kijiti kilichoanguka ni kuni. Tawi kubwa ni makala. Fasi iliyofyekwa na kuchomwa inapigwa na jua, na kikombe kinachohitaji siku kadhaa za unyevu kinakauka kabla hakijafunguka.

Kazi yake pale juu ya kijiti si ndogo. Pamoja na kuvu wengine, inavunjavunja mbao na kurudisha chakula katika udongo. Mkulima anayelima shamba lililotoka msituni anavuna miaka ya kwanza kwa sababu, pamoja na majivu, udongo umelishwa muda mrefu na viumbe vya namna hii.

Kwa anayekutana nayo

Simu yenye kamera inafanya leo kazi aliyofanya Mama Goossens-Fontana kwa brashi. Foto ya juu inayoonyesha ndani ya kikombe haitoshi. Inafaa kupiga na ya upande, karibu, nywele zionekane, na ya tatu inayoonyesha kijiti chote. Kitu cha kulinganisha ukubwa kiwekwe kando, hata sarafu ao kiberiti. Rangi iandikwe kwa maneno siku ile ile, juu simu zingine zinadanganya rangi nyekundu. Kisha tarehe, fasi, jina la mti kama linajulikana, na jina la uyoga katika lugha ya kijiji, kama lilivyotamkwa.

Anayetaka kuhifadhi kikombe chenyewe akikaushe polepole kwenye hewa kavu, mbali na moto mkali, akitie katika bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki ambao unakiozesha. Kitapoteza rangi, hilo haliepukiki, lakini spora na nywele zitabaki, na ADN pia. Bahasha na foto zikae pamoja. Moja bila nyingine inarudisha watu kule kule walikokuwa kabla: kikombe cha kahawia ndani ya karatasi, na hakuna anayejua kilikuwa cha rangi gani.